Je, Betri ya Simu Iachwe Iishe Kabisa Ndipo Ichajiwe?

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya safu hii zinahusu jambo moja: namna ya kuichaji simu janja bila kuidhuru betri yake. Tumechagua tano, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa kuwa ndiyo inayobeba mzizi wa swali lenyewe.

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Hivi karibuni nilinunua simu janja mpya katika duka moja la Kariakoo. Muuzaji alinisisitizia niichaji kwa muda wa saa nane kabla ya kuiwasha, na kwamba tangu hapo nisiichomeke kwenye umeme mpaka izime yenyewe, kwa sababu eti betri inayochajiwa kabla ya kuisha hudeka na kuwa mvivu. Nimekuwa nikimtii, ingawa imeshatokea simu ikanizimikia nikiwa ndani ya daladala usiku, watoto wakanitafuta wasinipate. Binti yangu aliyeko chuoni anasema ninaiua betri kwa mikono yangu. Baba yake anasema muuza simu hawezi kukosa kukijua anachokiuza. Nimsikilize nani?
Mama wa watoto watatu, Kigamboni, Dar es Salaam

JIBU: Shikamoo Mama. Msikilize binti yako. Betri ya simu yako haihitaji kuishiwa chaji ndipo ichajiwe, haidai saa nane za mwanzo, na kila unapoiacha ifike sifuri kwa makusudi unaichosha bila kupata faida yoyote.

Hata hivyo muuzaji hakukudanganya kwa nia mbaya. Alichokupa ni ushauri wa kweli uliohusu betri za aina nyingine kabisa. Simu za mkononi za zamani, pamoja na redio za mawasiliano na kamera za video za wakati huo, zilitumia betri za nikeli na kadimiamu. Betri hizo, zikichajiwa mara kwa mara zikiwa bado na chaji nyingi, zilianza kupoteza nguvu mapema, kwani fuwele za kadimiamu ndani yake zilikua na kuwa kubwa, na volti ikashuka kabla ya wakati. Dawa yake ilikuwa ni kuziacha ziishe kabisa kisha kuzijaza upya, na betri mpya zilihitaji chaji ndefu ya mwanzo ili ziamke vizuri. Zilifuatiwa na betri za nikeli za aina nyingine, ambazo tatizo hilo lilikuwa dogo kwao. Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, iliuzwa na betri ya namna hiyo. Kwa hiyo watu wa umri wangu na wako walifundishwa kumaliza chaji na mafundi waliojua kazi yao, na wakawafundisha wengine.

Kilichobadilika ni betri yenyewe. Betri za lithiamu za kuchajiwa, ziitwazo Li-Ion, zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, na wanasayansi watatu walioweka misingi yake, yaani John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ukitaka kuona jinsi mabadiliko hayo yalivyotufikia mapema, tafuta kitochi cha zamani kilichosahaulika ndani ya droo, fungua mfuniko wa nyuma, toa betri na usome maandishi yake. Katika Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuenea mijini na vijijini, utakuta jina BL-5C, volti 3.7, na herufi za Li-Ion. Maana yake ni kwamba ushauri aliokupa muuzaji ulikuwa umekwisha kupitwa na wakati hata kwa simu ile ya tochi, sembuse simu ya leo.

Sasa tuangalie ndani. Betri ya simu janja imetengenezwa kwa tabaka nyembamba mno zilizokunjwa pamoja: utandu wa shaba uliopakwa grafiti (aina ya kaboni, kama ile ya ndani ya penseli) upande mmoja, utandu wa alumini uliopakwa mchanganyiko wa lithiamu na kobalti upande mwingine, na katikati yake kitenganishi chenye vitundu vidogo kilicholoweshwa kimiminika. Unapochaji, ioni za lithiamu, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, hutoka upande wa kobalti zikajipenyeza kati ya tabaka za grafiti, kama karatasi zinavyochomekwa kati ya kurasa za kitabu. Unapotumia simu, hurudi zilikotoka. Grafiti ikijaa lithiamu hutanuka kwa kama asilimia 10, na ikiishiwa husinyaa. Juu ya grafiti hiyo kuna utando mwembamba unaoilinda, na kila mtanuko na msinyao mkubwa huupasua kidogo. Utando hujitengeneza upya, lakini hujitengeneza kwa kula sehemu ya lithiamu iliyomo, na lithiamu iliyoliwa hivyo hairudi kazini tena. Hiyo ndiyo sababu betri inayopelekwa kutoka mia hadi sifuri kila siku huchakaa mapema kuliko ile inayopanda na kushuka kidogo kidogo, hata kama jumla ya umeme uliotumika ni ileile.

Wengi huogopa kuchaji mara nyingi kwa kudhani kwamba kila wanapochomeka chaja wanapunguza siku moja katika maisha ya betri. Hesabu haiendi hivyo. Kinachohesabiwa ni mzunguko kamili: ukitumia asilimia 60 leo ukachaji, kisha kesho ukatumia asilimia 40, umemaliza mzunguko mmoja tu, hata kama ulichomeka chaja mara tano. Kampuni ya Apple, kwa mfano, hueleza kwamba betri za iPhone 14 na za matoleo ya kabla yake zimesanifiwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko kamili 500 katika mazingira mazuri, na kwamba kwa iPhone 15 kiwango hicho ni mizunguko 1000. Kuichomeka simu kwa dakika ishirini unapopika chakula cha mchana hakuna dhambi yoyote.

Usiwe na hofu kwa yale uliyokwisha kuyafanya. Sifuri inayoonekana kwenye kioo si sifuri ya betri. Simu hujizima mapema kwa makusudi, wakati betri bado ina volti 3 na ushei, ilhali ikijaa huwa na volti 4.2 au zaidi kidogo. Watengenezaji wameacha akiba hiyo ili kuilinda. Kuzima mara chache hakujaiharibu simu yako. Hatari ya kweli huanza pale simu iliyoishiwa inapoachwa hivyo kwa wiki na miezi, jambo ambalo nitalieleza katika barua ya mwisho.

Kwa matumizi ya kila siku, ichaji inapokaribia asilimia 20 au hata 30, na si lazima uijaze mpaka mia kila mara, kwa sababu betri iliyojaa kabisa nayo huwa katika shinikizo kubwa la kikemia, hasa ikikaa hivyo kwa saa nyingi penye joto. Simu nyingi za sasa zina kipengele katika mipangilio ya betri kinachoizuia isipite asilimia 80 au kinachochelewesha kujaa hadi karibu na saa ya kuamka. Kiwashe ikiwa kipo. Lakini siku ya safari, au siku unayojua utarudi usiku kwa daladala, ijaze mpaka mia bila kusita. Mama anayetafutwa na watoto wake asipatikane amepata hasara kubwa kuliko betri yoyote, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi katika ushauri ule aliokupa muuzaji.

Jambo moja zaidi kabla sijaendelea. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia nzima huchimbwa Kongo, katika ardhi ya Kolwezi na Likasi, na sehemu ya kazi hiyo hufanywa na wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa sururu na koleo. Betri inayodumu miaka minne badala ya miwili inapunguza uchimbaji huo, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kutaka kila msomaji aitunze aliyo nayo.

SWALI: Ndugu mhariri, kijijini kwetu wilayani Uvinza hakuna umeme wa gridi. Tunachaji simu katika kibanda chenye sola, na bei ni ileile, iwe simu ina nusu au imekwisha kabisa. Kwa hiyo mimi huitumia mpaka izime ndipo niipeleke. Nimesikia kwamba ninakosea. Nifanyeje, nilipe mara mbili?
Mkulima, Kigoma

JIBU: Kaka, hesabu yako ina akili, na sitakuambia ulipe mara mbili ili kumfurahisha mtaalamu. Betri ipo kukutumikia. Ninachokushauri ni kuipeleka ikiwa imebakiza asilimia 10 au 15 badala ya kungoja izime, kwa maana kipande hicho cha mwisho ndicho kinachoichosha zaidi na ndicho kinachokupa muda mfupi zaidi wa kuzungumza. Tena kitakusaidia siku ya dharura.

Chaji yako nyingi huenda inapotea bila wewe kuitumia. Mahali penye mtandao hafifu, simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi na kutafuta mnara bila kupumzika, hivyo ikilala usiku kucha mfukoni au chini ya mto utaamka ukute imeshuka sana. Usiku iweke katika hali ya ndege au izime, zima data usipoitumia, na punguza mwanga wa kioo. Huenda ukapata siku nzima ya ziada kwa malipo yaleyale.

Angalia pia simu inavyowekwa kibandani. Mara nyingi utakuta simu kumi na zaidi zimerundikwa juu ya meza moja, chini ya bati linalowaka jua la mchana, kila moja ikiipasha moto jirani yake. Mwombe mwenye kibanda aiweke yako pembeni, penye kivuli na hewa, na ikiwezekana ipeleke asubuhi mapema. Ukijaliwa kununua sola ndogo ya nyumbani, kumbuka kwamba paneli ndiyo inayokaa juani. Simu ibaki ndani kivulini na waya uifuate huko.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni dereva hapa Maskati. Simu yangu hukaa kwenye kioo cha mbele ikinionyesha ramani, huku ikichajiwa kwa waya wa gari. Wakati wa kiangazi hutoa onyo la joto na kukataa kuchaji. Rafiki yangu ameniambia niache iishe kabisa kila siku ili betri ipoe. Je, ni sahihi?
Msomaji, Maskati, Oman

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Si sahihi, na kuishiwa chaji hakuipoozi betri. Simu inapokataa kuchaji inajilinda, nawe uishukuru. Apple hutaja nyuzijoto 0 hadi 35 kuwa kiwango kinachofaa kwa matumizi ya simu zake, na hutahadharisha kwamba joto la kupita hapo linaweza kupunguza uwezo wa betri moja kwa moja, hasara isiyorudi. Kiangazi cha kwenu huvuka nyuzi 40 kivulini, na nyuma ya kioo cha gari huwa zaidi ya hapo. Katika hali hiyo ule utando unaoilinda grafiti, niliouelezea kwenye barua ya kwanza, hunenepa haraka na kuila lithiamu, na mambo huwa mabaya zaidi betri ikiwa imejaa.

Ihamishie simu kwenye kishikizo kilicho mbele ya tundu la kiyoyozi, vua kava nene, tumia chaji ya kawaida badala ya ile ya kasi, na iache izunguke kati ya asilimia 40 na 70 ukiwa barabarani. Unaposhuka, shuka nayo. Usiiache ndani ya gari lililofungwa, hata kwa muda wa sala ya adhuhuri.

SWALI: Simu yangu ina umri wa miaka mitatu. Siku hizi huzima ghafla ikionyesha asilimia 18 au hata 25. Fundi mmoja amenishauri niimalize chaji kabisa na kuijaza mara tatu mfululizo ndipo betri ipone. Kuna ukweli wowote?
Mwanafunzi, Nakuru

JIBU: Kuna chembe ya ukweli, ila betri haitapona. Asilimia unayoiona ni makadirio ya saketi inayohesabu umeme unaoingia na kutoka, na makadirio hayo yanaweza kupotoka taratibu, hasa kwa mtu ambaye simu yake haijawahi kushuka wala kujaa kikamilifu kwa miezi mingi. Kuiacha ishuke hadi izime na kisha kuijaza mpaka mia bila kukatiza huipa saketi alama mbili za uhakika za kujisahihisha. Fanya hivyo mara moja tu, uone. Kinachorekebishwa hapo ni namba.

Ikiendelea kuzima, tatizo ni uzee. Ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kupita, ndani ya betri kuukuu huongezeka, na simu inapodai umeme mwingi kwa ghafla, tuseme unapofungua kamera au mchezo, volti huporomoka na simu hujizima ingawa chaji bado ipo. Mwezi Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa imezipunguzia kasi iPhone za zamani zenye betri zilizochakaa ili zisizime kwa namna hiyohiyo. Baada ya malalamiko makubwa ikashusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29, na wengi waliobadilishiwa waliona simu zao zikirudi katika kasi yake. Kuimaliza chaji mara tatu kutaongeza uchakavu juu ya uchakavu. Weka akiba, nunua betri halisi ya modeli yako kwa muuzaji anayetoa dhamana, na simu hiyo huenda ikakusindikiza hadi umalize masomo.

SWALI: Baba yetu alifariki mwaka juzi, na simu yake ilikaa kabatini ikiwa imeisha chaji tangu wakati huo. Tunahitaji picha zilizomo. Tukiichomeka haionyeshi chochote. Fundi anasema ataishtua betri kwa kuiunganisha moja kwa moja na umeme wa mashine yake, na anadai kwamba tukibadilisha betri picha zitafutika. Tafadhali tushaurini.
Dada na kaka, Tanga

JIBU: Poleni sana kwa kuondokewa na mzazi. Jambo la kwanza mlijue ili mioyo yenu itulie: picha hazikai ndani ya betri. Zimo katika chipu ya kumbukumbu iliyo kwenye bodi ya simu, au katika kadi ya kumbukumbu ikiwa ilikuwepo, na chipu hizo huhifadhi data bila kuhitaji umeme. Kubadilisha betri hakufuti kitu.

Msikubali betri hiyo ishtuliwe. Simu iliyozimwa kwa kuishiwa huendelea kupoteza umeme kidogo kidogo, na betri yenyewe hujipunguza polepole, mpaka ile akiba ya volti niliyoitaja hapo juu inakwisha. Ikishuka mno, utandu wa shaba ulio chini ya grafiti huanza kuyeyuka na kuingia katika kimiminika. Mtu akiilazimishia umeme betri iliyofika hapo, shaba hiyo hujishika mahali pasipo pake na inaweza kujenga nyuzi ndogo zinazotoboa kitenganishi na kuziunganisha pande mbili zilizopaswa kutengana. Matokeo yake ni joto, moshi, na wakati mwingine moto. Ndiyo maana betri ina saketi ya ulinzi inayokata njia volti inaposhuka kupita kiasi, na kushtua ni kuiruka saketi hiyo.

Itazameni simu kwa ubavu kwanza. Ikiwa mgongo umetuna au kioo kimeanza kuinuka pembeni, betri imevimba kwa gesi: msiichomeke, msiibonyeze, msiitoboe, mpelekeeni fundi mwenye uzoefu aitoe. Ikiwa iko sawa, iwekeni juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na mapazia na godoro, mtumie chaja ya kawaida isiyo ya kasi, na mkae nayo kwa muda wa nusu saa hivi. Simu nyingi huanza kwa kuidondoshea betri umeme mdogo kabla ya kuonyesha chochote kwenye kioo. Ikipata moto, chomoeni. Ikiwaka, hamisheni picha mara moja, kisha betri hiyo ibadilishwe hata kama inaonekana nzima. Isipowaka, fundi aweke betri mpya ya modeli hiyo, na mtakapoulizwa namba ya siri ya kufungulia simu muwe nayo tayari.

Mkishazipata picha na mkataka kuihifadhi simu yenyewe, ichajini hadi kama asilimia 50, izimeni, iwekeni mahali pakavu pasipo na joto, na kila baada ya miezi sita iwasheni na kuirudisha kwenye nusu.